Mjadala: Dharau ya Utotoni Humkomaza Mtu au Humvunja?

Shule zinapofungwa Desemba, karatasi ya ripoti huingia nyumbani, na kabla mzazi hajasoma alama za Hisabati wala maoni ya mwalimu wa darasa, jicho hukimbilia nambari moja: nafasi. Wa 3 kati ya 61. Wa 58 kati ya 61. Zipo shule ambazo hazingoji hata karatasi ifike nyumbani. Majina husomwa mstarini kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na yule wa mwisho hupita mbele huku wenzake wakimzomea.

Watu wema kabisa hulitetea jambo hili. Husema mtoto asipoonja aibu hajitumi, na hutaja majina ya wakubwa waliochekwa utotoni wakafika mbali. Mimi nalipinga, na msimamo wangu siufichi. Lakini hoja yao ina uzito, na inastahili kusikilizwa hadi mwisho. Ndiyo maana nimeiandika kama mazungumzo ya barazani, Tanga, baada ya sala ya alasiri. Yupo Mwalimu, mkuu wa shule mstaafu. Yupo Mshauri, mama anayehudumia watoto wenye msongo katika kliniki. Yupo Kijana wa chuo kikuu, na yupo Bibi, aliyelea wanawe kisha akalea wajukuu. Sijawapa majina, kwa kuwa maneno yao nimeyasikia vinywani mwa watu wengi. Penye haja nitaingia mwenyewe.

Mwalimu: Niseme wazi tangu mwanzo. Mtoto anayesifiwa asubuhi na jioni hafiki mbali. Aliyechekwa ndiye anayekesha na kibatari. Na mfano siutafuti mbali, upo hapa hapa pwani. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, wakati utumwa ulikuwa bado haujapigwa marufuku visiwani. Jina alilopewa ni Mtumwa. Hebu fikirini, mtoto anaitwa aje ale kwa jina hilo. Akajifunza ufinyanzi kwa mama yake, akawa anatembeza vyungu kwa miguu hadi mjini, akinadi kwa sauti. Kisomo hana, sura ya kusifiwa hana, ukoo wa kumbeba hana. Na ni huyo huyo aliyevuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri za Kiswahili zilizosikika Afrika Mashariki nzima. Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Sasa niambieni, angelelewa kwa deko angefika Bombay?

Mshauri: Siti nampenda, Mwalimu, na nitamrudia. Kabla ya hapo nikupe mtu wa pili, huenda ukamtaka upande wako. Alfred Adler alizaliwa mwaka 1870 pembezoni mwa Vienna, Austria, mtoto wa mfanyabiashara wa nafaka. Alikuwa na matege, akachelewa kutembea. Kaka yake mzima wa afya alikuwa akikimbia na kuruka mbele ya macho yake. Mdogo wake alifariki kitandani ubavuni pake, Alfred hata miaka minne hajatimiza. Muda si mrefu akashikwa mwenyewe na homa ya mapafu, akamsikia daktari akimwambia baba yake kuwa huyu hatapona. Akapona, na akaazimia kuwa daktari. Shuleni Hisabati ikamshinda, mwalimu akamshauri baba amtoe, akafundishwe ushonaji viatu.

Mwalimu: Umeniongezea shahidi, binti yangu. Alidharauliwa, akaumia, akasoma. Mwaka gani alipata udaktari?

Mshauri: 1895, Chuo Kikuu cha Vienna. Lakini hukuuliza baba alimjibu nini yule mwalimu. Baba alikataa. Mtoto akabaki darasani, na kwa masimulizi yake mwenyewe akaja kuwa hodari katika Hisabati ile ile.

Bibi: Basi mshukuruni baba, msimshukuru mwalimu.

Mshauri: Ndipo ninapotaka tufike, Bibi. Adler alifungua kliniki karibu na Prater, bustani ya michezo ya Vienna, na miongoni mwa wagonjwa wake walikuwamo watu wa sarakasi. Aliona kuwa baadhi ya hao waliokuwa wakiruka hewani na kubeba vyuma walianza maisha na miili dhaifu. Mwaka 1907 akatoa kitabu kuhusu upungufu wa viungo vya mwili na jinsi mtu anavyojitahidi kuufidia. Baadaye akapanua wazo lake: kila mtoto hujiona mdogo, hata mwenye viungo vizima. Anaishi katikati ya magoti ya watu wazima. Kitasa hakifikii, mzigo haubebi, maneno hayajui. Hisia hiyo si ugonjwa. Ndiyo inayomsukuma ajifunze kutembea na kusema. Ugonjwa huanza pale inapozidi hadi mtoto anaamini kwamba hafai, na kwamba hata akijaribu hatafaa. Hapo huwa na njia mbili: ajikunyate asionekane, au awe mbabe, awakanyage wenzake ili mwenyewe aonekane mrefu.

Mwalimu: Njia mbili tu? Mbona umeisahau ya tatu, ya kujituma?

Mshauri: Sijaisahau. Mtoto huipita akiwa na mtu wa kumwonyesha kwamba inapitika.

Mwalimu: Maneno mazuri. Lakini huyo Adler wako, kama nilivyomsoma, aliorodhesha pia mtoto aliyedekezwa. Au nimemsoma vibaya?

Mshauri: Umemsoma vizuri. Alitaja watoto wa aina tatu walio hatarini: mwenye kilema au udhaifu wa mwili, aliyetelekezwa au kuchukiwa, na aliyedekezwa. Huyu wa tatu hukua akidhani dunia nzima itamfungia kamba za viatu, na siku dunia inapokataa huanguka kwa kishindo.

Mwalimu: Basi tumekubaliana nusu. Mimi sikusema mtoto apigwe hadi azimie. Nilisema aambiwe ukweli, na ukweli wakati mwingine unauma.

Hapa nakubaliana na Mwalimu bila shaka yoyote. Nimewaona vijana walioambiwa kwamba wanaweza ilhali hawawezi, wakapandishwa darasa baada ya darasa hadi wakafika kidato cha nne hawajui kuandika barua. Kumficha mtoto hali yake nako ni kumdharau. Tatizo langu na Mwalimu ni lile zomeo la mstarini, na Bibi alilieleza kuliko sisi sote.

Bibi: Mimi sikusoma vitabu vyenu. Nina wajukuu wawili, wa tumbo moja, wamepishana mwaka mmoja na ushee. Wote wawili baba yao alikuwa akiwasimanga kwa maneno yale yale: mbumbumbu, mzigo wa nyumba, mtakufa maskini. Mkubwa alikuwa akikasirika, anashika daftari mpaka taa inazimwa. Leo ana kazi yake. Mdogo alikuwa mtumiaji wa mkono wa kushoto. Kwetu unajua, kula kwa kushoto ni adabu mbaya, na huko shuleni akipigwa vidoleni kwa rula. Akajifunza kuukalia ule mkono. Tukiandaa chakula, anakaa, mkono wa kushoto anauingiza chini ya paja, ndipo anaanza kula. Sasa ni mtu mzima, ana mke. Lakini akiitwa na mtu mwenye cheo, diwani au hata karani wa kata, mkono unakwenda wenyewe chini ya paja. Nimemtazama kwa macho yangu. Hajui kama anafanya hivyo.

Mwalimu: Mkubwa lakini...

Bibi: Mkubwa ana kazi, ndiyo. Ila hacheki. Na wanawe anawaita mbumbumbu.

Palikuwa kimya kidogo, kisha Kijana, aliyekuwa akisikiliza tu, akaingia.

Kijana: Kwa heshima zenu wazee wangu, naona wote mnazungumzia mtoto mmoja mmoja, kana kwamba dharau hutoka kwa baba mkali au mwalimu mkali tu. Kuna dharau iliyopangwa. Frantz Fanon, daktari wa maradhi ya akili aliyezaliwa Martinique mwaka 1925, aliandika mwaka 1952 kitabu kuhusu mtu mweusi katika dunia inayotawaliwa na weupe, na humo alimjadili huyo huyo Adler. Alisema nadharia yake inafaa, ila haitoshi. Mtoto wa Martinique hakujiona duni kwa sababu ya kaka yake au matege yake. Alijiona duni kwa sababu shule, vitabu, uchumi na dola nzima vilimwambia hivyo kabla hajafungua mdomo. Ukimtibu peke yake ukaiacha dola ilivyo, umemtibu nini?

Mwalimu: Hiyo ilikuwa enzi ya mkoloni.

Kijana: Haijaisha, Mwalimu. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza, katika kitabu chake cha 1986, jinsi shule za Kenya wakati wa ukoloni zilivyomvisha shingoni kibao mwanafunzi aliyekutwa akizungumza Kigikuyu, kimeandikwa kwamba yeye ni mjinga au ni punda. Mkoloni aliondoka, kibao kikabaki. Mimi nimezaliwa miaka mingi baada ya uhuru na nimekivaa, kwa kosa la kusema Kiswahili uwanjani. Na mnajua kilivyofanya kazi? Hukivui mpaka umkamate mwenzako. Kwa hiyo mchana kutwa hufikirii Kiingereza hata kidogo, unatafuta wa kumvisha. Unamsogelea rafiki yako wa dawati moja, unamchokoza, unamkanyaga mguu kwa makusudi ili alie kwa lugha ya mama yake. Akilia, umepona.

Mshauri: Ndiyo ile njia ya pili niliyoitaja, ya ubabe. Aliyedharauliwa huitafuta shingo nyingine.

Mwalimu: Kibao hicho nilikikuta shuleni nilipohamishiwa. Nikakiacha, kwa kuwa wazazi walikuwa wakikitaka. Waliamini ndicho kitakachowapa watoto wao Kiingereza.

Kijana: Walikipata?

Mwalimu: Wachache.

Mshauri: Mwalimu, nikuombe jambo moja. Unapohesabu waliochekwa wakafaulu, wahesabu pia waliochekwa wakapotea. Kazi hiyo imewahi kufanywa. Mwaka 1955, katika kisiwa cha Kauai huko Hawaii, watafiti akiwemo Emmy Werner walianza kuwafuatilia watoto waliozaliwa kisiwani mwaka huo, 698, tangu kabla ya kuzaliwa hadi utu uzima. Wapo walioanza na mizigo mingi kwa pamoja: umaskini, uzazi wenye matatizo, ugomvi nyumbani, wazazi walevi au wagonjwa wa akili. Wawili katika kila watatu wa hao walipata matatizo makubwa, shuleni au kwa mienendo yao.

Mwalimu: Na wa tatu?

Mshauri: Wa tatu alikua mtu mzima mwenye kujiamini, mchapakazi, mwenye kuwajali wenzake.

Mwalimu: Basi! Theluthi nzima ilikomazwa na shida.

Mshauri: Ningekubali kama shida ndiyo iliyowatofautisha. Lakini shida walikuwa nayo wote. Waliofaulu walikuwa na kitu cha ziada ambacho watafiti walikikuta tena na tena: angalau mtu mmoja aliyewashika mkono bila kuwaacha. Bibi, shangazi, jirani, mwalimu. Walimu walitajwa sana, Mwalimu wangu.

Nimeisikia hoja ya Mwalimu kwa watu wengi, na kila mara inasimama juu ya kosa hili moja. Tunawaona waliobaki tu. Katika barabara ile ile ya Fumba kwenda mjini walipita wanawake wengine wenye vyungu kichwani, wenye majina ya kitumwa, waliochekwa kama yeye. Walipata dharau kwa kipimo kile kile. Hakuna santuri zao, hakuna wasifu wao. Kama dharau ingekuwa ndiyo mbolea, Unguja ingejaa akina Siti.

Na Siti mwenyewe ukimtazama vizuri, haungi mkono upande wa Mwalimu. Sauti aliyonadia vyungu alikuwa nayo tayari. Alipohamia mjini mnamo 1911 alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki wa kundi la Ikhwani Safaa, ambaye aliisikia sauti hiyo na akajitolea kumfundisha kuimba na kupiga ala. Mtu alimtazama mwuza vyungu asiye na kisomo akaona mwanafunzi. Kisha wakaja wenzake wa bendi, akina Subeti Ambari, Buda bin Swedi, Mwalimu Shaabani na Mbaruku, waliokaa naye usiku kwa usiku wakitunga na kuimba. Wimbo maarufu wa kumkejeli, uliomsuta kwa asili yake ya shamba na mavazi aliyokuja nayo mjini, ulitungwa na washindani wake alipokwisha kuwa na jina. Haukumfanya awe mwimbaji, maana alikuwa mwimbaji tayari. Aliujibu kwa wimbo, akisema kwamba sura si hoja na kwamba hasara ya mtu ni kukosa akili. Jibu hilo lilitoka kwa mtu aliyekuwa na kundi zima nyuma yake. Siti angeusikia wimbo ule akiwa binti wa miaka kumi, peke yake, njiani na vyungu, sijui kama tungepata jibu lolote.

Mwalimu: Mwandishi, umenibana. Lakini hujaniambia kwa nini nisiamini macho yangu. Mimi nimewaona waliosukumwa na aibu.

Mshauri: Amini macho yako, ila tazama na gharama. Mwaka 1998 daktari Vincent Felitti na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watu wazima 9,508 wa San Diego, Marekani. Waliwauliza yaliyowapata utotoni: kupigwa, kutukanwa, kuingiliwa, mama kupigwa mbele yao, mlevi ndani ya nyumba. Waliotaja mambo manne au zaidi walikuwa katika hatari ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua mara 4 hadi 12 zaidi ya wale ambao hawakutaja hata moja. Na waliohojiwa hawakuwa watu wa mitaroni. Wengi walikuwa wasomi wenye bima ya afya. Ukiwaona kazini ungesema wamekomaa.

Bibi: Kama yule mkubwa wangu.

Mshauri: Kama yule mkubwa wako, Bibi.

Kijana: Mshauri, na Adler huyo tusimfanye mtume. Nimesoma alidai hata kuzaliwa wa kwanza au kitinda mimba hupanga tabia ya mtu.

Bibi: Kwani uongo? Kitinda mimba wangu mpaka leo anataka akatiwe embe.

Mshauri: Alidai, na watu wengi wanalipenda wazo hilo, lakini vipimo havikulibeba. Mwaka 2015 watafiti walichunguza zaidi ya watu 20,000 wa Uingereza, Marekani na Ujerumani, wakakuta kuwa nafasi ya kuzaliwa haibadilishi haiba kwa kiasi cha kuhesabika. Hapo alikosea. Alipopatia ni kwingine: mtoto hapokei tukio kama karatasi inavyopokea muhuri. Hulitafsiri. Wajukuu wa Bibi walisikia matusi yale yale. Mmoja akasikia, “wananichokoza,” wa pili akasikia, “wamesema kweli.” Na mtoto hachagui tafsiri hiyo hewani. Huichagua kwa kutazama nyuso zilizomzunguka. Mkono wa kushoto ungepata mtu mmoja pale nyumbani wa kuusemea, labda usingekaliwa hadi leo.

Bibi: Nilikuwepo mimi. Nilinyamaza, kwa kuwa baba ndiye mwenye nyumba.

Hakuna aliyemlaumu. Mwalimu ndiye aliyemjibu, kwa sauti ya chini kuliko aliyoanza nayo.

Mwalimu: Wengi tulinyamaza, mama. Sasa niulize kama mtu wa kazi. Darasa la watoto themanini, mwalimu mmoja, vitabu vya kugombania. Huo ushikaji mkono wa kila mtoto utatoka wapi?

Mshauri: Vienna baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa na njaa na mayatima. Adler hakungoja nchi itajirike. Alifungua vituo vya ushauri ndani ya shule, walimu wakafunzwa, wazazi wakaitwa, na kufikia mwisho wa miaka ya 1920 vilikuwa karibu 30. Utawala wa kiimla ulioshika nchi ukavifunga mwaka 1934. Adler mwenyewe alifariki ghafla mtaani Aberdeen, Uskoti, mwaka 1937, akiwa katika ziara ya mihadhara. Na nikuambie jambo linalonitatiza: katika vituo hivyo mtoto alihojiwa mbele ya walimu wengine.

Mwalimu: Hadharani! Kama mimi mstarini.

Mshauri: Hadharani, ndiyo, na mimi siwezi kulifanya hilo kliniki kwangu. Lakini walioketi pale waliketi ili wajue namna ya kumsaidia. Hakuna aliyeruhusiwa kumcheka.

Kijana: Na ngazi ya taifa nayo inaweza kubadilika. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora katika matokeo ya kidato cha nne. Watu wakalalamika kwamba ari ya kusoma itakufa.

Mwalimu: Nililalamika mimi pia. Na sijabadili yote. Mtoto aliyeanguka aambiwe ameanguka, na aambiwe kwa nini. Sitamwandikia “vizuri” penye sifuri.

Mshauri: Hakuna aliyekuomba uandike hivyo.

Mwalimu: Ila kusoma majina mstarini... ningekuwa bado na shule, ningeyaacha.

Niliufunga mjadala hapo, kwa sababu Mwalimu alikuwa amesema nusu ya ninachoomba, na kwa kinywa cha mtu aliyekaa ofisini na si pembeni. Nusu ya pili ni hii. Wakuu wa shule, Desemba hii msiyasome majina kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Andikeni alama, andikeni ukweli wote, kisha karatasi apewe mtoto na mzazi wake faragha, pamoja na mwalimu mmoja atakayekaa nao dakika kumi na kusema ni mada ipi ilimshinda na nani atamsaidia Januari. Hilo halihitaji bajeti. Mzazi, kibao kikiwepo katika shule ya mwanao, nenda ukaombe kiondolewe, na nenda na wazazi wenzako watatu au wanne ili usifukuzwe. Na kama nyumbani mwako yupo mtoto anayeitwa kilaza au mbumbumbu, na wewe umo humo, semea upande wake leo, akiwa anasikia.